Sarafu za Kidijitali Hazina 456: Hakikisha Anwani Kabla ya Kutuma

Mkaazi akikosea tarakimu moja anapotuma pesa kwa M-Pesa, mara nyingi bado ana nafasi ya kujirekebisha. Jina la mpokeaji hutokea kwenye simu kabla ya pesa kuondoka, na akiliona si lenyewe anasitisha. Akigundua kosa baada ya kutuma, anausambaza ujumbe wa uthibitisho kwa namba 456 na kuomba muamala urejeshwe. Ikiwa aliyezipokea hajazitumia, zipo njia za kuzizuia na kuzirudisha.

Sarafu za kidijitali kama vile Bitcoin na USDT hazina 456. Hakuna jina linalotokea kwenye skrini, hakuna wakala wa kukimbilia, na hakuna afisa wa huduma kwa wateja mwenye uwezo wa kufuta muamala uliokwisha kuthibitishwa. Pesa zikienda kwa anwani isiyo sahihi, zimekwenda.

Somo hili halimshauri mkaazi kununua wala kuuza sarafu hizo. Limeandaliwa kwa ajili ya wale ambao tayari zinapita mikononi mwao: vijana wanaofanya kazi za mtandaoni na kulipwa na wateja wa ng'ambo, na familia zinazotumiwa pesa na jamaa walio nje ya nchi. Kwa hao, kosa la sekunde moja linaweza kuondoka na mshahara wa mwezi au karo ya muhula mzima.

Ili somo lieleweke, tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Dada anafanya kazi Dubai. Mdogo wake wa kiume yuko Malindi, na mtoto wa dada huyo anaingia shule ya sekondari. Dada anataka kutuma USDT 400 za karo. USDT ni sarafu ya kidijitali iliyoundwa ili thamani yake ikae karibu na dola moja ya Marekani, kwa hiyo hizo ni takriban dola 400. Mdogo wake atazipokea kwenye simu, azibadilishe kuwa shilingi, kisha alipe shule.

ANWANI NI NINI?

Anwani ni mlolongo wa herufi na tarakimu unaoonyesha mahali sarafu zinapopelekwa. Inafanya kazi ya namba ya simu katika M-Pesa, ila haina jina la mtu.

Umbo la anwani hutegemea aina ya sarafu au mtandao. Anwani za Bitcoin huanza kwa 1, kwa 3, au kwa bc1. Anwani za mtandao wa Ethereum huanza kwa 0x na kufuatwa na herufi na tarakimu 40. Anwani za mtandao wa Tron, ambao watu wengi huutumia kutuma USDT, huanza kwa T na zina herufi na tarakimu 34.

Mwenye anwani ni yule aliye na ufunguo wa siri wa anwani hiyo. Katika pochi nyingi za simu, ufunguo huo huhifadhiwa kwa njia ya maneno 12 au 24 ambayo mwenye pochi huambiwa ayaandike na kuyaficha. Asiye na ufunguo hawezi kuzitoa sarafu hizo hata akiwa ndiye aliyezituma.

Hapa pana tofauti kubwa na namba ya simu. Ukikosea namba ya simu, mara nyingi pesa huangukia kwa mtu fulani, na mtu huyo anaweza kupigiwa simu na kuombwa. Anwani zinazowezekana katika mtandao wa Ethereum ni nyingi kuliko 1 ikifuatwa na sufuri 48. Karibu zote hazina mwenyewe. Sarafu zikitumwa huko zitaonekana na kila mtu kwenye daftari la wazi la mtandao, lakini hakuna mwenye ufunguo wa kuzitoa.

JE, UKIKOSEA HERUFI MOJA?

Wengi huogopa zaidi kosa la kuandika. Kwa kweli hilo ndilo kosa ambalo waundaji wa mitandao hii walilifikiria mapema.

Anwani za Bitcoin zinazoanza kwa 1 na 3 hazitumii kabisa alama nne zinazofanana machoni: sufuri, O kubwa, I kubwa, na l ndogo. Zaidi ya hayo, sehemu ya mwisho ya anwani hutokana na hesabu iliyofanywa kwa sehemu iliyotangulia. Herufi moja ikibadilika, hesabu haikubaliani na pochi inakataa kutuma. Uwezekano wa kosa la kubahatisha kupita ukaguzi huo ni mdogo kuliko moja kati ya bilioni 4. Anwani za Tron nazo zina ukaguzi wa aina hiyo.

Kwa Ethereum, ukaguzi uliongezwa mwaka wa 2016 kwa kuchanganya herufi kubwa na ndogo katika anwani. Ukaguzi huo hufanya kazi tu ikiwa anwani imeandikwa kwa mchanganyiko huo. Ikiandikwa yote kwa herufi ndogo, herufi iliyokosewa inaweza kupita bila onyo.

Jambo la kukumbuka: ukaguzi huo humwambia mtumaji kwamba anwani imeandikwa sawasawa. Haumwambii kwamba anwani ni ya mtu anayemkusudia. Ndiyo maana hasara nyingine hutokea kwa anwani ambazo hazina kasoro yoyote ya maandishi. Makosa manne yanayofuata yote ni ya namna hiyo.

KOSA LA KWANZA: KUNAKILI ANWANI YA MTU MWINGINE

Hakuna anayeandika anwani ya herufi 34 kwa kidole. Watu hunakili na kubandika, na walaghai wanalijua hilo.

Njia yao ya kwanza ni programu hasidi. Mtu hupakua programu kutoka mahali pasipoaminika, nayo hukaa kimya ndani ya simu au kompyuta. Siku atakayonakili anwani ya sarafu, programu hiyo huibadilisha kwa anwani ya mlaghai kabla hajaibandika. Mtumaji anaona anwani ndefu iliyofanana na ile ya awali, anabonyeza.

Njia ya pili haihitaji kuingia kwenye simu ya mtu. Miamala ya mitandao hii iko wazi, kila mtu anaweza kuisoma. Tuseme dada wa Dubai alituma pesa muhula uliopita kwa anwani ya mdogo wake inayoanza kwa TXk4 na kuishia m9Qa. Mlaghai huona muamala huo, akatengeneza anwani yake mwenyewe ambayo nayo inaanza kwa TXk4 na kuishia m9Qa. Zile za katikati ni tofauti. Kisha hutengeneza muamala wa kiasi kidogo mno, au hata sufuri, ili anwani yake iingie kwenye orodha ya miamala ya dada. Muhula huu dada anafungua orodha, anaona TXk4 na m9Qa, ananakili, anatuma. Karo imefika kwa mlaghai, naye dada ndiye aliyeituma kwa mkono wake.

Mtego huu hauwanasi wageni tu. Mnamo Mei 2024, mtu mmoja mwenye mali nyingi ya kidijitali alituma muamala mdogo wa jaribio kwa anwani sahihi. Jaribio lilifaulu. Baadaye alituma sarafu 1,155 za WBTC, zilizokuwa na thamani ya takriban dola milioni 68, kwa anwani ya mlaghai iliyofanana na ile sahihi mwanzoni na mwishoni. Baada ya kufuatiliwa na kufanyika mazungumzo, sehemu kubwa ya mali hiyo ilirudishwa. Mwenye kupoteza USDT 400 asitarajie kufuatiliwa namna hiyo.

Kinga: usinakili anwani kutoka kwenye orodha ya miamala iliyopita. Ihifadhi anwani sahihi katika kitabu cha anwani cha pochi yako, kwa jina, mara tu unapokuwa umeihakikisha. Unapolinganisha, usiishie kwenye herufi nne za mwanzo na nne za mwisho. Soma na za katikati.

KOSA LA PILI: ANWANI SAHIHI, MTANDAO USIO WENYEWE

USDT haisafiri kwa njia moja. Ipo katika mtandao wa Tron, katika Ethereum, katika BNB Smart Chain, na mingineyo. Kabla ya kutuma, programu humwuliza mtumaji achague mtandao, na hapo wengi huchagua ule wenye ada ndogo bila kumwuliza mpokeaji.

Ni kama kifurushi kilichoandikwa vizuri jina la mpokeaji na namba ya kibanda cha stendi, kisha kikapakiwa kwenye basi la Lamu badala ya la Malindi. Maandishi yako sawa. Safari ndiyo siyo.

Ikiwa mdogo wake ametoa anwani inayoanza kwa T na dada akachagua Ethereum, pochi itakataa kwa sababu umbo la anwani ni tofauti. Lakini ikiwa ametoa anwani inayoanza kwa 0x, hakuna kitakachomwonya. Ethereum, BNB Smart Chain, Polygon na mitandao mingine kadhaa hutumia umbo hilo hilo la anwani.

Kosa hili wakati mwingine linatengenezeka. Ikiwa mpokeaji anaushika mwenyewe ufunguo wa pochi yake, mara nyingi sarafu zinamsubiri kwenye anwani ile ile katika mtandao wa pili, na anahitaji tu kuuongeza mtandao huo kwenye pochi. Ikiwa anwani ni ya kampuni ya kubadilisha sarafu, yote yanategemea kampuni. Baadhi husaidia kwa ada, nyingine hukataa.

KOSA LA TATU: KUSAHAU MEMO

Kila anayelipa kwa Paybill anajua kwamba namba ya biashara pekee haitoshi. Lazima uandike na namba ya akaunti, la sivyo pesa zinaingia kwenye kapu la kampuni bila kujulikana ni za nani.

Sarafu nyingine ziko hivyo. Kampuni ya kubadilisha sarafu inaweza kutumia anwani moja kwa wateja wake wote wa XRP au Stellar, na kumpa kila mteja namba yake ya ziada inayoitwa memo. Anwani ndiyo Paybill, memo ndiyo namba ya akaunti. Mtumaji akiiacha, sarafu zinafika kwa kampuni lakini haziingii kwenye akaunti ya mteja. Aliyefanya kosa hili aiandikie kampuni mara moja, akiambatisha namba ya muamala, kwani mara nyingi linaweza kurekebishwa. Inaweza kuchukua siku kadhaa, na shule haisubiri.

KOSA LA NNE: KUBANDIKA KITU KISICHO ANWANI

Mnamo Mei 2022, mtandao wa Juno ulitaka kuhamisha tokeni zenye thamani ya takriban dola milioni 36 hadi kwenye anwani maalumu. Pendekezo lilipigiwa kura na wanachama, likakaguliwa na wahakiki wa mtandao, likatekelezwa. Tokeni zikaishia mahali ambapo hakuna aliyekuwa na ufunguo wake. Katika kuandaa msimbo, namba ya utambulisho wa muamala ilikuwa imebandikwa mahali pa anwani. Namba hizo mbili zilikaa karibu karibu, zote ni ndefu na zote zinafanana kwa asiyezisoma.

Kila mmoja katika mlolongo ule alidhani mwingine amekwisha kuangalia. Juno waliweza kupiga kura nyingine kubadilisha mambo ndani ya mtandao wao wenyewe. Mtumaji wa Malindi au Dubai hana kura ya kupiga.

Kosa la jamaa hii ni kutuma sarafu kwa anwani ya programu inayoendesha sarafu yenyewe. Mtu hutafuta mtandaoni "anwani ya USDT", anapata anwani rasmi ya programu ya USDT, anaidhania ni ya kupokelea pesa. Si ya mtu yeyote. Anwani ya kupokelea lazima itoke kwa mpokeaji mwenyewe, ndani ya pochi yake, sehemu ya kupokea.

JARIBIO DOGO NA MASHARTI YAKE

Ushauri unaosikika zaidi ni huu: tuma kiasi kidogo kwanza. Ni ushauri mwema, na ada ya kutuma mara mbili ni ndogo kuliko hasara ya kutuma mara moja vibaya. Lakini jaribio lina masharti, na matukio mawili yanayaonyesha.

Tukio la Mei 2024 lililotajwa hapo juu linaonyesha sharti la kwanza. Jaribio lilikwenda kwa anwani sahihi, kiasi kikubwa kikaenda kwingine kwa sababu anwani iliyotumika mara ya pili haikuwa ile iliyojaribiwa. Anwani ya jaribio na ya kiasi kamili lazima itoke mahali pamoja.

Sharti la pili linatoka katika tukio la mwaka wa 2022. Wasimamizi wa mtandao wa Optimism walikuwa waikabidhi kampuni ya Wintermute tokeni milioni 20 za OP. Walituma majaribio mawili, na kampuni ikathibitisha kwamba yamefika. Tokeni zote zikatumwa. Ndipo ikagundulika kwamba kampuni ilikuwa na mamlaka juu ya anwani hiyo katika mtandao wa Ethereum pekee. Katika mtandao wa Optimism ilikuwa haijaiandaa. Mtu mwingine akawahi kuiandaa na kuimiliki. Baadaye alirudisha tokeni milioni 17 kati ya zile milioni 20.

Majaribio yale mawili yalifika kweli. Lililokosekana ni mpokeaji kujaribu kuzitoa. Kuona salio si sawa na kuweza kulitumia.

Katika mfano wetu, dada atume USDT 10 kwanza. Mdogo wake asijibu tu "nimeona". Azihamishe zile 10 hadi mahali atakapobadilishia kuwa shilingi, au arudishe chache kwa dada. Hapo huenda akagundua, kwa mfano, kwamba pochi yake haina TRX, sarafu inayotumika kulipia ada katika mtandao wa Tron, na kwamba bila hiyo USDT zitakaa tu. Ni bora agundue kwa USDT 10 kuliko kwa 400 siku ya kuripoti shuleni.

HATUA SABA KABLA YA KUBONYEZA

1. Mpokeaji afungue pochi yake sasa hivi, sehemu ya kupokea, achague sarafu na mtandao, kisha atume anwani. Asitume ya zamani aliyoihifadhi kwenye jumbe.

2. Mtumaji na mpokeaji wakubaliane juu ya mtandao kwa jina: Tron kwa Tron, Ethereum kwa Ethereum. Waulizane pia kama kuna memo.

3. Anwani ibandikwe au isomwe kwa msimbo wa QR. Isiandikwe kwa mkono.

4. Wapigiane simu na kuisoma. WhatsApp ya mtu inaweza kutekwa na mlaghai akatuma ujumbe wa "nimebadilisha anwani". Sauti ya ndugu ni vigumu zaidi kuiiga. Wasome nne nne, kutoka ile iliyokwisha kubandikwa kwenye pochi:

"Dada, anza na nne za kwanza."

"T kubwa, X kubwa, k ndogo, nne."

"Sawa. Endelea."

Waende hadi mwisho. Kwa anwani ya Tron ni makundi manane na herufi mbili. Haizidi dakika mbili.

5. Anwani ihifadhiwe kwenye kitabu cha anwani cha pochi kwa jina la mpokeaji.

6. Kiasi cha jaribio kitumwe kwa anwani hiyo iliyohifadhiwa, na mpokeaji akihamishe.

7. Kiasi kilichobaki kitumwe kwa anwani hiyo hiyo iliyohifadhiwa. Mtumaji asome skrini ya mwisho: anwani, mtandao, kiasi, ada. Akiwa na haraka, usingizi au anapigiwa kelele na mtu ambaye anataka pesa "sasa hivi", aahirishe.

UKISHAKOSEA

Kwanza, usitume tena ukidhani muamala wa kwanza umekwama.

Pili, weka kumbukumbu. Nakili namba ya muamala, ambayo kwa sarafu nyingi ina herufi na tarakimu 64 na hufanya kazi kama namba ya uthibitisho ya M-Pesa. Andika anwani uliyotumia, mtandao, kiasi na saa. Piga picha za skrini.

Tatu, angalia hali ya muamala katika tovuti za wazi zinazoonyesha daftari la mtandao husika. Kwa Bitcoin, ambayo huthibitisha kundi la miamala kwa wastani wa kila dakika 10, baadhi ya pochi humruhusu mtumaji kuubadilisha muamala ambao bado haujathibitishwa kwa kutuma mwingine wenye ada kubwa zaidi. Ukishathibitishwa, mlango huo umefungwa.

Nne, jiulize anwani ile ni ya nani. Ikiwa ni yako mwenyewe katika mtandao mwingine, sarafu huenda zinapatikana. Ikiwa ni ya kampuni, iandikie kupitia programu au tovuti yake rasmi. Ikiwa ni ya mtu unayemjua, mwombe. Ikiwa haijulikani na hakuna dalili za wizi, kwa kawaida hakuna la kufanya.

Tano, ikiwa umeibiwa, piga ripoti katika kituo cha polisi ukiwa na kumbukumbu hizo, au wasiliana na DCI kwa namba ya bure 0800 722 203. Kampuni inayotoa USDT ina uwezo wa kuzuia sarafu zilizo katika anwani fulani, na imewahi kufanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya usalama. Ripoti ya mapema ina nafasi kubwa kuliko ya baada ya mwezi. Bitcoin haina kampuni ya aina hiyo.

TAHADHARI: mwenye kulia mtandaoni kwamba amepoteza sarafu hujiwa haraka na "wataalamu" wanaodai wanaweza kuzirudisha. Wengine hujiita wadukuzi, wengine mawakili. Huomba ada ya kwanza, kisha ya pili. Wengine huomba yale maneno 12 au 24 ya siri. Anayeyapata maneno hayo anapata kila kilichobaki. Hakuna afisa wa polisi, wa benki au wa kampuni halali atakayemwomba mkaazi maneno hayo.

SHERIA INASEMAJE?

Mnamo Desemba 2015, Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi kwamba sarafu kama Bitcoin si fedha halali nchini na kwamba anayezitumia hana kinga iwapo zitapotea. Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Mnamo Oktoba 2025, Rais alitia saini sheria inayosimamia watoa huduma za mali za kidijitali. Sheria hiyo inaipa Benki Kuu pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kutoa leseni na kusimamia kampuni hizo. Mkaazi anayetaka kutumia kampuni yoyote aulize kwanza taasisi hizo kama kampuni hiyo ina leseni.

Hata hivyo, leseni ina mpaka wake. Inampa mkaazi mahali pa kulalamika kampuni ikimkosea. Haiwezi kuurudisha muamala ambao mkaazi mwenyewe ameutuma kwa anwani isiyo sahihi.

Na aliyepokea kisicho chake? Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya mwaka wa 2018 inamgusa. Anayezuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mkaazi akiona salio asilolijua asilitumie, na asikubali kulirudisha kwa anwani yoyote anayotumiwa na mtu asiyemfahamu. Kama pesa zimeingia kupitia kampuni, aiarifu kampuni hiyo na iachiwe ishughulikie.

MASWALI YA KUJIPIMA

Swali la 1. Pochi imekubali anwani bila onyo lolote. Je, hilo linathibitisha kwamba ni ya mpokeaji?
Jibu: La. Linathibitisha umbo la anwani tu. Mpokeaji ndiye anayeweza kuthibitisha kwamba ni yake.

Swali la 2. Ulimtumia binamu yako mwezi uliopita na anwani yake iko kwenye orodha ya miamala. Unaweza kuinakili hapo?
Jibu: La. Orodha hiyo inaweza kuwa na anwani ya mlaghai inayofanana nayo. Tumia kitabu cha anwani, au mwombe binamu anwani upya.

Swali la 3. Mpokeaji anasema jaribio limefika na analiona kwenye salio. Utume kilichobaki?
Jibu: Bado. Subiri alihamishe au alirudishe kidogo.

Swali la 4. Anwani inaanza kwa 0x na mpokeaji hakutaja mtandao. Uchague wenye ada ndogo?
Jibu: La. Mpigie simu umwulize. Ada uliyookoa haitafidia kiasi kilichopotea.

Turudi kwa dada wa Dubai. Akifuata hatua zote saba, kutuma karo kutamchukua kama nusu saa badala ya dakika moja. Katika M-Pesa, nusu saa hiyo mtu anaweza kuitumia kurekebisha kosa baada ya kutuma. Katika sarafu za kidijitali, nusu saa hiyo ipo kabla ya kubonyeza, na baada ya hapo haipo tena.